Mkwe Aliyepalilia Mboga Zetu

Wiki iliyopita mume wangu alimwita kijana mmoja aje kupuliza dawa ya magugu nyuma ya nyumba yetu hapa Miyuji. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, majani yamefika magotini, na yeye ni mtu anayeogopa nyoka kuliko anavyomwogopa Mungu. Niliporudi kazini harufu ya ile dawa ilikuwa bado imetanda, kali, ya kukwaruza koo, nikazunguka nyuma kuangalia. Katikati ya majani yaliyoanza kujikunja nikaona mlenda. Mlenda wa porini, ule wenye maua ya zambarau, ambao haukupandwa na mtu. Nilikuwa nimeupita kila asubuhi nikienda kuanika nguo na sikuuona. Nikasimama pale na mkoba begani, machozi yananitoka, mpaka binti yangu akachungulia kutoka jikoni. "Mama, unalilia majani?"

Nikamwambia dawa imeniingia machoni. Lakini ninyi wenzangu wa umri wangu, mliokula mlenda kabla hamjajua kuvaa viatu, ninyi siwezi kuwadanganya.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, ng'ambo ya vilima vya Chimwaga, enzi ambazo huko kulikuwa na mashamba na mbuzi tu, na mwanafunzi wa chuo kikuu tulikuwa hatujamwona hata mmoja. Mama alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, anakuja Krismasi na mikate. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mama yangu mdogo Sechelela, kitinda mimba wa Bibi, ambaye kila mtu alimwita Seche. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Hata hivyo Bibi aliniita mke mwenzangu kwa utani, na nikimuudhi alinitishia kwamba siku akienda kaburini atamweleza mume wetu jinsi nilivyo mvivu.

Mama Mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenitoa miba, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja cha kamba, mguu wangu juu ya tumbo lake. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito ya kuimba sauti ya pili kanisani, na alikuwa akicheka kwa kuinama mpaka mikono inagusa magoti. Nilimpenda kupita kiasi. Mama niliyeletewa kila Krismasi nilimheshimu, lakini Mama Mdogo alikuwa wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilicho changu kinaweza kuposwa.

Shamba letu lilikuwa la uwele, nyuma tu ya nyumba, mtu akisema kwa sauti kule anasikika ndani, na katikati yake kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichonizidi kimo. Bibi alikuwa na namna yake ya kupalilia, na sikujua kwamba ni namna, nilidhani ndivyo dunia inavyopalilia. Jembe lake alilishika fupi, akikwangua udongo juu juu tu. Jani gumu lenye mizizi ya kutambaa alilifuata mpaka mwisho wake, akalitikisa udongo, akalitupa juu ya jiwe likauke. Lakini mlenda aliuruka. Mgagani aliuruka, na mchunga pia, ila kama umeubana uwele shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na ungo, nikichuma machipukizi, na maswali yangu hayakwisha.

"Bibi, hili?"

"Gugu. Ng'oa."

"Na hili?"

"We mtoto! Hiyo ni mboga, unataka kung'oa chakula chako?"

"Na hili hapa?"

Aliinama akalitazama. "Hilo bado halijaamua. Liache mpaka keshokutwa."

Zile mboga ndizo tulizozila mwaka mzima. Kwenye palizi ya pili, mlenda ukiwa umenenepa kabla haujakaza, tulichuma matenga kwa matenga, tukaanika juu ya paa la tembe letu, tukatwanga kwenye kinu, na unga wake Bibi akaujaza kwenye vibuyu. Kiangazi kilipofika na nchi yote imekuwa rangi ya ng'ombe, kibuyu kilifunguliwa. Maji, magadi kidogo, karanga zilizosagwa, unga wa mlenda, na harufu ile ya kijani inajaa nyumba kana kwamba mvua imenyesha sufuriani. Mwenye nyumba ambaye vibuyu vyake vilikuwa vitupu mwezi wa tisa alikuwa mtu wa kusemwa.

Miye nilikuwa na imani yangu kuhusu mlenda. Jirani yetu mmoja alikuwa analimisha shamba lake kwa trekta, linachimba chini kabisa na kupindua kila kitu, na kwake mlenda ulikuwa umekwisha, umebaki mbigili wa kuchoma miguu. Kwetu ulikuwa tele. Nikahitimisha kwamba mlenda wa jirani umehama, umekuja kwetu kwa sababu Bibi huzungumza nao vizuri. Nilimwambia hivyo Mama Mdogo, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema huenda ni kweli.

Sasa Elia. Elia alikuwa fundi uashi, anajenga nyumba za watumishi mjini, kwao Kibakwe, huko Mpwapwa kwenye milima. Alikutana na Mama Mdogo kwenye mashindano ya kwaya. Alikuwa kijana mfupi, mpole, mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Mshenga wake, Mzee Daudi, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameshaleta posa, na kaka zake Mama Mdogo walikuwa wamekubali wakamwachia Bibi neno la mwisho. Bibi alisema neno lake atalitoa baada ya palizi. Mama Mdogo alianza kuimba huku akisugua masufuria. Hilo ndilo lililonishtua, maana masufuria alikuwa hayapendi.

Ndipo ukatokea msiba kijiji cha pili, tukaenda wote watatu, tukalala huko. Hata kijana aliyetuchungia mbuzi tulikwenda naye. Tuliporudi, jua likiwa limeinama, tulipita shambani kwanza kwa sababu Bibi alikuwa amepanga kesho yake tuanze kuchuma.

Shamba lilikuwa limefagiliwa. Sina neno jingine. Uwele umesimama mistari kwa mistari, na kati yake udongo mtupu, mwekundu, uliopigwapigwa. Hapakuwa na jani moja. Pembeni kulikuwa na marundo ya majivu, bado yanatoa moshi, na kwenye moshi ule nikasikia harufu ya mboga. Ni kipande cha kuzunguka kichuguu tu kilichobaki, hakijaguswa, maua ya zambarau yanatikisika.

Elia na rafiki zake watatu walikuwa wamesimama mbali, wamenawa, kofia mikononi, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa kusimama. Kumbe kwao mchumba hupimwa kwa jembe. Anakwenda ukweni bila kuitwa, wenyewe wakiwa hawapo, na anawaachia shamba safi kama salamu. Walikuwa wamefanya kazi ile tangu alfajiri ya jana. Viganja vya Elia vilikuwa vimechubuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Shikamoo, Mama," alisema akitazama ardhi.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Akaniinamia mimi. "Mwambie marahaba."

"Bibi anasema marahaba," nikasema.

"Mwambie poleni na kazi. Mwambie shamba limependeza."

"Bibi, mboga zetu ziko wapi?"

Mama Mdogo alinifinya bega nikanyamaza, kisha nikamwambia Elia kwamba shamba limependeza. Akatabasamu mpaka masikio yakasogea. Akasema hawakuwahi kumaliza pale kichuguuni, jua liliwazidi, lakini Jumamosi watarudi wamalizie. Wakaondoka wakipiga mluzi.

Kijiji kilipata la kusema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," waliimba wanawake kisimani, wakiangushana kwa vicheko, "na huyu kaja, mwenyeji afunge!" Wengine hawakucheka. Walisema mchumba aliyechoma mboga za mama mkwe ameleta njaa mkononi, na kwamba jambo kama hilo halianzi bure. Mama Mdogo alichota maji, akajitwisha ndoo, akaondoka. Nyumbani hakuimba tena.

Nilijua lililokuwa mashakani kwa sababu nilimsikia Bibi akizungumza na Mzee Daudi uani, mimi nikiwa nyuma ya kihenge.

"Ile ya kichuguuni ndiyo mbegu iliyobaki," Bibi alisema. "Ikiondoka na ile, Daudi, mimi sina jibu la kumpa. Nimwoze binti yangu kwa mtu aliyefuta mboga kwangu? Nitazungumza nini mbele ya watu?"

"Basi nimwambie asiiguse. Si ndiyo kazi ya mshenga?"

"Usimwambie. Mtu amekuja kwa heshima, amechubuka mikono, unamwambia ameharibu? Atakufa kwa aibu. Nimekukataza."

Mzee Daudi aligunaguna, akachukua fimbo yake. Usiku ule Mama Mdogo naye alijaribu. Alimwomba Bibi anitume mimi, neno moja tu, nikamwambie Elia aache kile kipande. Bibi akasema mkwe haambiwi, na mchumba hatumi watu. Aliyasema hayo akiwa amegeukia ukuta, na mimi nikayachukua kama nilivyochukua maneno yake yote, kwamba ndiyo mila, na mila haina mlango.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu tofauti. Kama Elia atapalilia kichuguu, hakuna harusi. Kama hakuna harusi, mguu wangu utaendelea kulala juu ya tumbo la Mama Mdogo. Nilisali Jumamosi ifike, na ninyi msijifanye hamkuwahi kusali sala za namna hiyo.

Ikafika. Walikuja mapema, majembe begani, wakaanzia upande wa mbali wa kichuguu. Bibi aliingia ndani akasema kichwa kinamuuma. Mama Mdogo alizunguka nyuma ya uwele, akachuma fungu moja la mlenda upande ambao hawakuwa wamefika, akarudi mbio. Sijawahi kumwona akipika haraka namna ile. Karanga alizisaga zikiwa bado na moto. Akasonga ugali wa uwele, akaweka mlenda kwenye bakuli la bluu ambalo hutolewa kwa wageni, akanikabidhi.

"Wapelekee waliolima. Usiseme neno," alisema. "Si umesikia? Mchumba hatumi neno. Mimi natuma chakula tu."

Nilielewa kidogo, si chote. Nilidhani anampikia kwa mapenzi, na wivu ukanipanda njia nzima. Wakanawa, wakaketi kivulini mwa kichuguu, jembe la Elia limelala katikati ya maua ya zambarau. Wakachovya. Wakachovya tena.

"Mlenda huu mtamu!" Elia akaniambia. "Sijaula mtamu hivi. Mnaununua mnada gani?"

Nikaona nafasi yangu. Nilijua kwamba mtu akiaibishwa sana huenda zake na harudi. Bibi mwenyewe alisema atakufa kwa aibu. Basi nikasimama wima kama nasoma shairi darasani.

"Hatununui," nikasema. "Ni huo hapo, umeuwekea jembe. Mwingine wote ulishauchoma."

Rafiki yake mmoja alicheka, kisha akaacha ghafla. Elia aligeuka akatazama jembe lake. Akatazama shamba zima, safi, jekundu, mpaka mwisho wake. Tonge lilikuwa bado mkononi, mlenda unavutika kuelekea bakuli, na hakukumbuka kuukata. Aliliweka chini taratibu, akanawa, akachukua jembe, akatembea. Hakuaga. Rafiki zake walimfuata mmoja mmoja, wakikanyaga kwa uangalifu ili wasiponde maua.

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Mama Mdogo akapokea bakuli, akaona chakula kimebaki, akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia. Nilitegemea kofi. Yeye alikaa juu ya kinu kilicholala, mikono mapajani. "Sawa," alisema. "Umesema."

Wiki ile ikapita, na nyingine ikaanza, Elia hakuonekana. Hata kwenye ujenzi hayupo, Mzee Daudi alituletea habari hizo akiwa amekasirika na kila mtu. Mimi nilikuwa nimeshinda, na ushindi ulikuwa mchungu kuliko mchunga. Mama Mdogo alikuwepo, lakini ugali uliungua. Alinisuka akaniacha nusu kichwa. Nikiweka mguu juu yake usiku alikuwa macho, naye hakusema "toa gogo lako" kama zamani. Nilianza kusali sala ya kinyume, na nilimwonea aibu Mungu kwa kumsumbua.

Siku waliyokuja niliwasikia kabla sijawaona, maana mama mmoja alikuwa analalamika juu ya joto letu tangu barabarani. Lori lilikuwa limewashusha njia kuu. Elia alikuwa amebeba gunia kichwani na jingine mgongoni, na mbele yake alitembea mama mnene, amevaa sweta, jasho linamtoka, na boga kubwa mikononi kama mtoto mchanga. Elia alisimama mbali kwenye ua, akatupa mgongo. Mama alikuja mpaka kizingitini.

"Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo, na Bibi akatoka. Mama hao wawili hawakuwa na mila ya kuwazuia kusema, na walisema. Mama Elia aliweka boga chini, akapiga goti.

"Mama mwenzangu, mwanangu amekuja mpaka nyumbani, kilomita zote zile, analia kama mtoto. Anasema amewafuta mboga. Nikamwuliza mboga gani, akanieleza, nikashika kichwa. Kosa ni letu wazazi. Huyu hajawahi kuuona mlenda umesimama. Anaujua wa unga, wa mnadani."

"Kwenu hauoti?" Bibi akauliza.

"Ulikuwa unaota. Mimi nikiwa msichana ulikuwa unaota mpaka mlangoni. Lakini kule juu kwenye baridi tunalima maharage, na kile kishamba cha ngano. Ngano unaijua? Inamwagwa tu, huingii ndani yake na jembe. Gugu likikutangulia umelivuna, umelisaga, umelila ndani ya mkate. Kwa hiyo tunawafundisha watoto, ng'oa, choma, usiache mbegu, ardhi iwe uchi. Tumewafundisha vizuri. Mlenda ukaisha, na hakuna aliyeona siku ulipoisha. Sasa tunanunua kwenu, na tunasema Wagogo wanatuuzia ghali."

Bibi aliguna. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na nikajua anacheka. Mama Elia naye akaanza. Walicheka wakiwa wameshikana mikono, mmoja amesimama, mwingine bado amepiga goti, mpaka sweta ikabidi ivuliwe. Ndani ya magunia kulikuwa na majani ya maharage yaliyokaushwa, ya kutosha kiangazi chote. Si mlenda, na tuliyala tukiyanung'unikia, lakini vibuyu vyetu havikuwa vitupu mwezi wa tisa.

Kabla hawajaondoka Bibi aliniita. "Mwambie yule aliyetupa mgongo kwamba Mzee Daudi anaweza kuja kuchukua jibu." Nilimfuata pale uani. Elia alinisikiliza, akachuchumaa tukawa sawa kimo, akanishukuru. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu siku ile nilishindwa kumchukia, ingawa nilijitahidi.

Nitangulie kidogo niwaambie habari za shamba, maana nilizifuatilia kwa miaka. Nikiwa mkweli, uwele wa mwaka ule ulizaa vizuri kuliko kawaida, masuke mazito, na Bibi alikiri. Lakini mvua zilizofuata, pale palipofagiliwa ulikuja mbigili, ukaja na kishonanguo wa kung'ang'ania sketi, na sehemu moja kikaja kiduha, kijani kidogo chenye maua mekundu mazuri, kinachonyonya uwele mizizini huku kinakuchekea. Bibi alisema ardhi ukiivua nguo huokota yoyote iliyo karibu. Kwa kiduha tulimwita Elia, na kwa hilo mkono wake ulikuwa dawa. Aling'oa kimoja kimoja kabla hakijaachia mbegu. Mlenda ulirudi ukitokea kichuguuni, mwaka hatua chache, mwaka mwingine zaidi, kwa sababu Bibi aliacha mashina yakomae na kila mara alipopita alipukutisha mbegu kwa vidole bila hata kutazama. Sikusema tena kwamba umehama kwa sababu ya maneno matamu. Ulikuwa unatunzwa na jembe linalojua kuruka.

Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Sikumbuki nguo wala chakula. Nakumbuka gari lililokuja kumchukua Mama Mdogo, limefungwa matawi, na yeye akitoka ndani amefunikwa kanga mbili. Wanawake walikuwa wanaimba. Alinitafuta kwenye kundi, akafunua kanga, akanivuta hadi pua zetu zikagusana.

"Kama si wewe kumwambia," alininong'oneza, "mimi leo nisingeolewa. Nitakukumbuka kila siku ya Mungu."

Nikaangua kilio ambacho kilinyamazisha hata ngoma. Nilitaka kumwambia kwamba sikusema ili aolewe, nilisema ili abaki. Wanawake wakanibeba juu juu, wakasema tazameni mtoto anavyofurahi, wakapiga vigelegele, na gari likaondoka likipanda kilima cha Chimwaga mpaka vumbi lake likatulia.

Jioni wageni walipokwisha tulibaki mimi na Bibi. Alipakua ugali wa watu watatu, kisha akautazama, akarudisha sehemu sufuriani. Nilikuwa bado na kwikwi. Hakuniambia ninyamaze.

"Nilikuwa dirishani Jumamosi ile," alisema. "Nilikusikia ukimwambia. Ile sauti, mke mwenzangu, haikuwa ya kumwita mtu. Ilikuwa ya kumfukuza."

Niliinamisha kichwa nikangoja ahadi ya kushtakiwa kwa Babu.

"Na mimi nilikuwa na mdomo," Bibi alisema. "Ningeweza kukutuma tangu siku ya kwanza, ungemwambia, na kichuguu kisingeguswa. Daudi angeweza kumwambia. Nikawakataza wote. Nikasema mila." Alinivuta akanifunika na upande wa kanga yake, na nikahisi kifua chake kinapanda na kushuka kama changu. "Mimi nilikuwa naomba alime mpaka amalize."